Upatanisho wa Kisarufi na Mabadiliko ya Mji: Majina ya Vituo, Vyombo na Majengo katika Kiswahili cha Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam ukiwa na wakazi 272,821. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwa mhandisi, takwimu hizi ni barabara zinazopaswa kupanuliwa na mabomba yanayopaswa kutandazwa. Kwa mwanaisimu zina maana nyingine. Kila kundi la watu lililoingia mjini lilikuta vitu ambavyo lugha ya nyumbani haikuwa na majina yake, na likakuta pia majina ambayo vitu vyake vilikuwa vimekwisha kutoweka. Mgeni huambiwa ashuke Dampo. Akishuka haoni taka. Huambiwa ashuke Mwisho. Akishuka huona mji unaendelea mbele yake kwa kilomita nyingi.

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili cha Dar es Salaam kinavyoyapokea mabadiliko ya majengo, barabara na vyombo vya usafiri. Uchunguzi wa aina hii kwa kawaida huishia katika kuorodhesha msamiati: neno fulani limetoka Kiingereza, fulani Kiarabu, fulani limezuka mitaani. Orodha hizo zina faida, lakini hujibu swali moja tu, yaani neno gani limeingia. Haziwezi kujibu swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: neno hilo limekuwa nini katika akili ya msemaji? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu la swali la pili limo katika upatanisho wa kisarufi. Nomino inaweza kubaki na umbo lake lilelile kwa miaka hamsini, ilhali viambishi vinavyofuatana nayo katika sentensi vinaonyesha kwamba kilichokuwa kitu kimekuwa mahali, kilichokuwa kosa kimekuwa gari, na kilichokuwa chumba kimekuwa jengo zima.

Data iliyotumika ni usemi wa kawaida wa abiria, makonda, wapangaji na wafanyabiashara. Ni usemi ambao msomaji yeyote aliyewahi kupanda daladala mjini humo anaweza kuupima kwa masikio yake mwenyewe.

2.0 Majina ya mistari na majina ya nukta

Majina ya mji yanaweza kugawanywa kwa urahisi katika makundi mawili. Yapo majina ya mistari, yaani barabara na mitaa, na yapo majina ya nukta, yaani vituo, njia panda na vijiwe. Kundi la kwanza hutolewa na serikali na kuandikwa juu ya vibao. Kundi la pili hutolewa na watu na, kwa muda mrefu, halikuandikwa popote isipokuwa ubavuni mwa magari.

Majina ya mistari hubadilika kila utawala unapobadilika. Barabara maarufu ya katikati ya mji iliitwa na Wajerumani Unter den Akazien. Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue. Kisha ikapewa jina la Samora. Hayo ni majina manne katika muda wa takriban karne moja. Barabara ya Pugu nayo ikawa Barabara ya Nyerere. Mnazi Mmoja, kwa upande mwingine, hapakubadilishwa na tawala hizo, ingawa mnazi wenyewe hauonekani.

Sababu ya tofauti hii si ukaidi wa wananchi. Abiria wa Dar es Salaam hasafiri juu ya barabara kama mwenye ramani anavyosafiri. Husafiri kutoka kituo hadi kituo, na nauli yake hulipiwa nukta mbili. Jina la mstari halimsaidii kushuka. Ndiyo maana daraja la juu lililofunguliwa mwaka 2018 katika makutano ya Barabara za Nyerere na Mandela lilipewa jina la mhandisi Mfugale, lakini konda aendelea kuita Tazara. Jina hilo la kituo lilitokana na reli ya Tanzania na Zambia, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na ambayo stesheni yake kuu iko hapo. Vivyo hivyo, makutano ya ngazi tatu ya Ubungo yaliyofunguliwa Februari 2021 yaliitwa Kijazi. Abiria hushuka Ubungo. Daraja lililofunguliwa Aprili 2016 liliitwa rasmi Daraja la Nyerere, na wengi hulisema Daraja la Kigamboni.

Mfano unaoelekea kupingana na hoja hii ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa Machi 2022. Jina hilo rasmi limeshika upesi. Hata hivyo, daraja hilo lilijengwa juu ya maji ya bahari. Hapakuwa na kituo, gulio wala kijiwe kilichokwisha kupewa jina na watu. Jirani yake wa zamani, Daraja la Selander, liliitwa kwa jina la ofisa wa kazi za umma wa enzi ya Mwingereza, nalo halikukataliwa. Lilitoholewa tu likawa Salenda, irabu ya silabi ya kwanza ikiifuata ile ya mwisho. Kwa hiyo kinachoamua si asili ya jina, bali kama nukta ilikuwa tupu wakati jina lilipofika.

3.0 Kitu kinapokuwa mahali

Kwa kimuundo, majina ya vituo vya Dar es Salaam huanza na eneo na kufuatwa na kipambanuzi: Sinza Makaburini, Sinza Madukani, Sinza Kijiweni, Manzese Darajani, Tabata Relini, Mikocheni kwa Warioba, Magomeni Mapipa, Ubungo Maziwa, Ubungo Mataa, Buguruni Sheli, Tabata Dampo, Kimara Mwisho. Kipambanuzi huwa na mojawapo ya sura tatu: nomino yenye kiambishi cha mahali -ni, kirai chenye kwa na jina la mtu, au nomino tupu. Sura mbili za kwanza zinaeleweka bila shida, kwa kuwa sarufi ya Kiswahili ilikuwa nazo kabla ya mji kuwapo. Sura ya tatu ndiyo yenye utajiri.

Ingetarajiwa kwamba mataa yangefuata njia ya daraja, na kituo kiitwe Mataani. Hakiitwi hivyo. Abiria husema:

(1) Nashusha Mataa.
(2) *Nashusha Mataani.

Inaweza kudaiwa kwamba nomino za kigeni huwa na desturi ya kukataa -ni, kama inavyoonekana katika yuko benki, yuko posta na yuko sheli. Dai hili ni la kweli kwa sheli, neno lililotokana na kampuni ya mafuta ya Shell na ambalo leo humaanisha kituo chochote cha mafuta, cha kampuni yoyote. Lakini mapipa, maziwa na mwisho si maneno ambayo msemaji huyahisi kuwa mageni, na bado hayachukui -ni. Maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba majina haya hayakuzaliwa ndani ya sentensi. Yalizaliwa katika mwito. Konda hasemi kwamba gari limefika penye mapipa. Hupaza sauti: Mapipa! Kilichoitwa kwa namna hiyo mara elfu kwa siku hakihitaji tena kiambishi cha kukifanya mahali, kwa sababu mwito wenyewe umekwisha kukifanya mahali.

Ushahidi wa mabadiliko hayo haumo katika umbo la nomino bali katika kitenzi kinachofuata:

(3) a. Dampo limejaa taka.
    b. Dampo pamejaa magari.
(4) a. Maziwa yamekwisha.
    b. Maziwa pana foleni leo.
(5) a. Mwisho umekaribia.
    b. Mwisho pamechangamka.

Katika sentensi za (a) nomino inapatanishwa kwa ngeli yake ya asili. Katika sentensi za (b) ngeli hiyo imeachwa, na upatanisho ni wa mahali. Msemaji wa (4b) hafikirii maziwa ya kunywa, wala hafikirii kiwanda cha maziwa kilichokuwa Ubungo na kulizaa jina hilo. Mtoto aliyezaliwa baada ya kiwanda kufa hutumia pa- bila kufundishwa na mtu.

Tabata Dampo ni mfano unaostahili kuangaliwa kwa karibu. Jiji lilikuwa likimwaga taka zake Tabata, na moshi wake ukawatesa wakazi. Mwaka 1988 wakazi hao walilishtaki Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda, na Jiji likaamriwa kuacha kutupa taka hapo. Hukumu hiyo hutajwa hadi leo na wanasheria wa mazingira nchini. Taka baadaye zilihamishiwa Vingunguti. Kwa maneno mengine, dampo liliondolewa kwa nguvu ya sheria na kwa jasho la watu wa Tabata wenyewe, Dampo palibaki. Ngeli ya tano ilishindwa mahakamani, ngeli ya kumi na sita haikushtakiwa.

Kimara Mwisho panaibua suala la kimaana. Kirai mwisho wa Kimara ni maelezo: kinaweza kuwa kweli leo na uongo kesho, nyumba za mbele zikijengwa. Kimara Mwisho, bila kihusishi cha -a, si maelezo. Ni jina, na jina halidai chochote. Ndiyo maana mji ulipokwisha kupita hapo na kufika Mbezi, Kibamba na Kiluvya, hakuna aliyeona haja ya kulisahihisha. (Mbezi nako kulipata Mwisho wake, ambao nao umekwisha kupitwa.) Mtu anayetaka kujua mji uliishia wapi wakati fulani angeweza kufuata tu vituo vyenye jina hilo, kama mpasua mbao anavyozihesabu pete za gogo.

Hata hivyo, jina lisilodai chochote linaweza kupotosha. Jangwani ni bonde la mto Msimbazi, nalo hufurika. Karakana ya mabasi iliyojengwa hapo kwa ajili ya mradi wa mabasi yaendayo haraka ilivamiwa na maji zaidi ya mara moja. Si kazi ya mwanaisimu kueleza kwa nini karakana iliwekwa mahali pale. Inatosha kusema kwamba wakazi wa jirani hawakuhitaji jina la kuwaonya.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni Kariakoo. Jina lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika walioibebea Uingereza mizigo ya vita katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nairobi kuna Kariokor, yenye asili hiyohiyo. Miji miwili imelitohoa neno moja kwa tahajia mbili, na katika zote mbili wapagazi wenyewe hawasikiki tena. Kariakoo inatofautiana na Dampo kwa kuwa inakubali upatanisho wa aina mbili. Husemwa Kariakoo pamejaa na pia Kariakoo imejaa. Wafanyabiashara wa soko walipofunga maduka Mei 2023, ilisemwa:

(6) a. Kariakoo imegoma.
    b. *Kariakoo pamegoma.

Mahali hapawezi kugoma, taasisi inaweza. Ngeli ya tisa huashiria kwamba eneo limepata nafsi ya kiuchumi au ya kiutawala, kama ilivyo kwa majina ya nchi na miji. Vituo vingi havijafikia hatua hiyo, na sentensi kama Dampo imegoma husikika kuwa mzaha.

4.0 Vyombo na barabara

Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, na wakazi wakayajua mabasi yake marefu ya kutoka Hungaria kwa jina la Ikarusi. Mabasi yakapungua, watu wakaongezeka, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa mitaani dala. Urudufishaji wa dala dala ni uleule wa moja moja na tano tano: kila kichwa dala yake. Nairobi ilikuwa imetangulia kuita magari ya aina hiyo matatu, kwa nauli ya senti thelathini. Inafaa kuzingatia kwamba miji yote miwili ililipa gari jina la bei na kwamba mfumuko wa bei haukuligusa jina. Nauli imepanda mara nyingi mno. Hakuna gari lililoitwa kwa nauli mpya.

Daladala, kipanya, bajaji na bodaboda zote ziliingia katika ngeli ya 9/10, licha ya kwamba basi na gari ni za 5/6. Kipanya ni cha kushangaza zaidi. Kwa umbo ni ki-, na wengi husema kipanya kimejaa; lakini pale gari linapokuwa aina ya usafiri badala ya gari moja, hutokea wasemaji wanaosema kipanya ni rahisi, zinapatikana. Bodaboda, neno lililosafiri kutoka mpakani mwa Kenya na Uganda, lina upatanisho wa tatu: bodaboda zimeegeshwa, bali bodaboda wamegoma. Hapa dereva na pikipiki yake wametenganishwa na kiambishi peke yake. Trafiki naye alikwisha kupita njia hiyo: neno la msongamano limekuwa askari, na askari hupatanishwa kwa a-.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni mwendokasi. Kabla ya Mei 2016, neno hili lilikuwa la taarifa za polisi. Chanzo cha ajali kilikuwa mwendokasi wa dereva. Lilikuwa jina la kosa. Mabasi mapya yalipoanza kazi kati ya Kimara na katikati ya mji, jina rasmi lilikuwa mabasi yaendayo haraka, kirai kirefu chenye kitenzi rejeshi ambacho konda yeyote angechoka nacho kabla ya saa tatu asubuhi. Wananchi walichukua neno la kosa wakalifanya jina la huduma. Matokeo yake ni jozi ambayo mwalimu wa sarufi angeitamani:

(7) a. Mwendokasi umeua watu wawili.
    b. Mwendokasi imeua watu wawili.

Sentensi (7a) inalaumu mwendo. (7b) inalitaja basi. Umbo la nomino ni moja, mofimu ya kwanza mw- ni ileile, lakini msemaji haiheshimu tena kama kiambishi cha ngeli ya tatu. Reli ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, mara ikaitwa treni ya mwendokasi. Neno sasa halimaanishi basi wala kasi pekee. Linamaanisha usafiri wenye njia yake, tiketi yake na kituo chake cha zege.

Vituo hivyo vya zege vinastahili sifa kwa jambo moja. Waliovipa majina hawakutunga mapya: waliandika yale yaliyokuwa yakiitwa na makonda, na kwa mara ya kwanza Bucha, Baruti, Kona, Mwembechai, Usalama na Magomeni Mapipa yakapata vibao rasmi. Tahajia tu ndiyo iliyosuasua. Kona imeandikwa kama isemwavyo. Fire, pale penye zimamoto, imeachwa katika tahajia ya Kiingereza ingawa kila abiria husema Faya.

Samani za barabara zinaweza kupitiwa kwa haraka. Tuta lilikuwa la viazi. Leo hupunguza mwendo wa magari, na wingi wake matuta haukubadilika. Kipilefti, mzunguko wa magari, kimetokana na maandishi ya Kiingereza yaliyomwamuru dereva ashike kushoto. Silabi ya kwanza ikafanana na ki-, na wingi ukawa vipilefti. Mchepuko umetoka barabarani ukaingia katika ndoa za watu. Foleni, iliyotokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kupanga mstari, ilikuwa katika miaka ya mwanzo ya 1980 mstari wa watu wanaongojea sukari; leo mtu akisema tu foleni, bila neno jingine, anaeleweka kuwa anazungumzia magari, na udhuru wake wa kuchelewa umekamilika.

5.0 Ghorofa, baraza na fremu

Ghorofa ni neno la Kiarabu, na huko asili yake ni chumba. Katika Kiswahili lilipanda likawa tabaka la nyumba juu ya tabaka jingine, kisha likaenea likawa nyumba yenyewe. Maana hizi mbili za Kiswahili zinaishi pamoja na hazigombani, kwa sababu zimegawana ngeli:

(8) a. Anaishi ghorofa ya tatu.
    b. Ghorofa limeporomoka.

Tabaka ni la ngeli ya tisa, jengo ni la ngeli ya tano, na wingi wa jengo ni maghorofa. Mgawanyo huu ulifanywa na watu wenyewe, na sasa ni kanuni imara. Sentensi (8b) haikubuniwa kwa ajili ya mfano. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jengo la biashara liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani, na waliokufa walizidi 20. Kitenzi kilichotumika kila mahali kilikuwa kuporomoka, ambacho kwa asili ni cha mawe ya mlimani na matunda ya mtini, vitu vinavyoshuka kwa wingi na kwa vurugu. Kuanguka ni kwa kitu kimoja. Wasemaji walichagua kitenzi kwa usahihi ambao taarifa za kihandisi zisingeuzidi.

Chini ya maghorofa, mabadiliko ni ya polepole zaidi na pengine ni ya kina zaidi. Nyumba ya Kiswahili iliyojaa Kariakoo, Magomeni na Ilala ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na baraza mbele. Barazani ndipo wazee walipokaa, bao lilipochezwa, na mpita njia aliposalimiwa. Barabara zilipopata lami na biashara, ukuta wa mbele ulivunjwa, milango ya chuma ikawekwa, na baraza ikawa fremu. Neno hili, lililotokana na neno la Kiingereza la kiunzi cha mlango, lina maana moja tu mjini: chumba cha biashara kinachoelekea barabara. Kibao cha fremu zinapangishwa huonekana hata mbele ya nyumba ambayo nyuma yake bado kuna ua, kisima na bibi anayeanika mpunga.

Baraza haikufa kama neno. Ilikwisha kuhama nyumbani siku nyingi ikaingia serikalini, ambako kuna Baraza la Mawaziri na, tangu mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa. Hapa tena ngeli zinasema: baraza ya nyumba huwa ya tisa kwa wasemaji wengi wa pwani, baraza la taifa ni la tano. Watu waliokuwa wakikaa kwenye ile ya tisa wamehamia kijiweni, na kijiwe kimekuwa kituo.

Kota za Magomeni ni mfano wa mwendo wa kinyume. Kota zilivunjwa, wapangaji wakatawanyika, na mwaka 2022 yakafunguliwa mahali pake maghorofa ya kaya 644. Panaitwa Magomeni Kota bado. Katika hali hii jina limewarudisha wenye mahali, kwani kaya hizo 644 zilikuwa ndizo zilizohamishwa.

6.0 Bomoabomoa na anwani

Si wote waliorudi. Mwaka 2017 nyumba nyingi za pembeni mwa Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa ili kupisha upanuzi wa barabara hadi Kibaha, umbali wa kilomita 19.2. Lugha rasmi ya kazi hiyo ilikuwa kusafisha hifadhi ya barabara. Lugha ya wenye nyumba ilikuwa bomoabomoa. Urudufishaji wa kitenzi katika Kiswahili huleta maana ya kurudiarudia, mara nyingi bila uangalifu, kama katika katakata na pigapiga. Nomino iliyozaliwa ni ya ngeli ya tisa, na vitenzi vyake ni vya mwendo: bomoabomoa imeingia, imefika, imepita. Ndivyo kisemwavyo kipindupindu. Kwa nyumba moja moja, usemi ulikuwa wa kutendwa: nyumba imepigwa X. Mtenda huachwa, si kwa kuwa hajulikani, bali kwa kuwa kumtaja hakuizuii rangi nyekundu kukauka ukutani.

Barabara imekamilika, nayo ni pana na yenye manufaa. Mtu anayekaa Kibamba anajua. Maduka na nyumba zilizokuwa alama za abiria hazipo. Konda huita Stop Over, Suka na Temboni kama zamani.

Mwaka huohuo wa 2022 uliokuwa na sensa, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima, kila barabara na mtaa ukapata jina na kila nyumba namba. Faida zake kwa gari la wagonjwa, zimamoto na barua hazina ubishi. Lakini mfumo wa anwani kwa asili yake hutaja mistari na kuhesabu nyumba. Hauna nafasi ya nukta. Kadiri simu inavyozidi kumwongoza dereva wa bajaji kwa jina la mtaa na namba ya nyumba, ndivyo mwito wa kituo unavyopungua matumizi, na jina lisiloitwa halina kibao cha kulilinda, isipokuwa yale machache yaliyobahatika kuandikwa kwenye vituo vya mwendokasi.

Kwa hiyo kazi ya kuyakusanya haiwezi kungoja, na inafaa sana kwa tasnifu za uzamili, kwani haihitaji chombo ila daftari, nauli na subira. Kukusanya majina pekee, hata hivyo, kungekuwa kurudi kwenye orodha za msamiati zilizotajwa mwanzoni. Kadi ya Tabata Dampo, kwa mfano, ingepaswa kuonyesha jina kama liitwavyo na konda. Umbo lake bila -ni. Sentensi moja yenye pamejaa kutoka kwa kijana asiyewahi kuliona dampo. Sentensi moja yenye limejaa kutoka kwa mkazi aliyevuta moshi wake. Umri wa wote wawili. Mwaka wa hukumu. Na kilichopo mahali hapo siku kadi ilipoandikwa.